Kosa la Makusudi la Bi Nukta

3 Machi

Mwanangu,

Kwa heshima zote, na kwa sauti ambayo ungekuwa karibu ungeisikia ikitetemeka, nakutangazia kwamba jana alasiri, sebuleni kwangu, mbele ya mashahidi wawili, yaani baba yako na paka, kosa la tahajia limefanyika kwa makusudi. Halikuponyoka. Halikutokana na uchovu wala miwani. Limefanyika kwa kujua, likarudiwa mara ya pili kama mashine ilivyotaka, na limeachwa hapo hapo lilipo.

Sasa salamu. Sisi wazima. Goti langu la kushoto limeacha kelele, la kulia limezipokea. Baba yako amekaa hapa kwenye kiti cha mlangoni, ananisemesha huku naandika. Anasema nikuambie amepata kazi ya kubadilisha mabomba ya shule, na kwamba upunguze kulala na simu. Nimeandika alivyosema, ila nimeongeza sarufi.

Turudi kwenye msiba. Mimi nilikuomba mashine ya kupigia kitabu changu chapa. Wewe ukaniletea kompyuta ambayo kitabu hakikai ndani yake, kinakaa huko mnakoita mtandaoni, na mlangoni mmeweka bawabu. Ukaniandikia na masharti ya bawabu: maneno ya siri yawe marefu, yawe matano yasiyo na undugu wowote, pasiwe na jina la mtu wala siku ya kuzaliwa, na tahajia niiharibu, ili hata mwizi mwenye kamusi asiyapate. Mwanangu, mimi nimekaa kiwandani kwa wachapaji nikisahihisha maandishi ya watu hadi jina langu likafa, nikabaki Bi Nukta. Kuniambia niharibu tahajia ni kumwambia mkunga amrudishe mtoto alikotoka.

Lakini limefanyika, na kitabu kiko salama. Unakijua: ni yale makosa ya mabango niliyoyaokota mitaani miaka yote hii. Lile la daktari, "Tunang'oa meno bila maumivu kwa daktari". Lile la mwenye nyumba, "Chumba kizuri, maji yapo mpaka kitandani". Nimekipa jina *Kalibuni*, usiniulize nimelitoa wapi. Mchapishaji anautaka mswada mwisho wa Agosti, bila kuchelewa. Nikichelewa nafasi yangu anapewa bwana mmoja aliyeandika juu ya ufugaji wa sungura.

Maneno yenyewe sikuandikii. Nimejifunza.

Shangazi yako,
Bi Nukta


21 Machi

Shangazi, shikamoo.

Nimeisoma barua yako nikacheka mpaka mwenzangu akaja kuuliza nani amekufa. Anakusalimia. Huku hatujambo, mvua inanyesha pale tu ninapoanika nguo. Mwambie baba hongera kwa kazi ya shule, na kwamba simu silali nayo, inalala chini ya mto.

Shangazi, umefanya jambo kubwa. Ungeona kazini kwangu. Hospitali nzima ina maneno ya siri marefu, kwa amri yetu sisi wa idara ya kompyuta, na yote yameandikwa kwenye plasta za vidonda na kubandikwa chini ya kibodi. Wiki iliyopita nimetumia masaa mawili nikizibandua. Wauguzi walinitazama kama mtu anayechomoa dripu. Mmoja akaniuliza, "Sasa kaka, tutaingiaje?" Nikamwambia akariri. Akasema, "Mimi nakariri dozi za watu ishirini, wewe unataka nikariri na mlango?" Jioni nilikuta plasta mpya, safari hii ya rangi.

Basi na wewe nakuomba mambo machache. Usiyabandike popote. Usiyatumie kwenye mlango mwingine. Ule ukurasa wa dharura ujaze, weka namba yako ya simu na jibu la swali, ili ukisahau wakusaidie. Na usimwambie mtu yeyote. Mtu yeyote ni pamoja na mimi, na baba, na paka.

Halafu nina swali dogo. Umesema kulikuwa na mashahidi wawili. Walishuhudia nini hasa? Na umeandika kwamba kosa "limefanyika". Shangazi, limefanywa na nani? Wewe ndiye uliyenifundisha kuwa sentensi ya namna hiyo ina mtu amejificha nyuma yake.

Mwanao


29 Aprili

Mwanangu,

Barua yako niliipata mapema. Nimechelewa kujibu kwa sababu ambazo ni zangu. Nakurudishia nakala yake. Utaona kalamu nyekundu mahali pamoja. Umeandika "masaa". Saa ni saa, hata zikiwa mia. Nilidhani tulimaliza jambo hili ulipokuwa darasa la tatu.

Swali lako kuhusu mashahidi nimeliona. Alama ya kuuliza iko mahali pake, hongera.

Huku kwema. Paka amenenepa. Koki ya jikoni imefunguliwa, vipande vyake viko kwenye sahani, vinapumzika. Maji nateka nje kwa ndoo, na goti linafaidika.

Sasa sikiliza. Tangu ile siku ya Machi nilikuwa ndani ya kitabu, naandika, natoka kwenda kupika, narudi nakikuta kiko wazi. Wiki mbili zilizopita nikaona si adabu kuacha mlango wazi namna ile. Nikabonyeza palipoandikwa "Ondoka". Nikaondoka. Sijarudi tena.

Si kwamba nimesahau. Maneno yote matano nayajua kama majina ya ndugu zangu. Nayaandika, mashine inasema siyo. Nayaandika tena polepole, inasema siyo. Ndipo nikatambua kwamba vidole vyangu vinayaandika *sawasawa*. Navipeleka kwenye kosa, vinasahihisha vikiwa njiani. Ni kama kumtuma polisi akaibe.

Ule ukurasa wa dharura niliujaza siku ile ile. Namba ya simu sikuweka, sigawi namba yangu kwa watu wasionijua. Swali lao lilikuwa: "Taja jina la mnyama wako wa kwanza?" Nikawajibu pale pale kwenye kisanduku kwamba sentensi yenye "taja" haihitaji alama ya kuuliza. Sasa wananitaka nirudie jibu lile herufi kwa herufi, na mimi sikumbuki kama niliandika "haihitaji" au "haistahili". Nimejaribu yote mawili. Nilipokuwa na hasira huenda niliandika "haina haja ya".

Wewe ni mtu wa kompyuta. Fungua.

Shangazi yako


12 Mei

Shangazi, shikamoo.

Poleni na ndoo. Paka nimefurahi kusikia. Huku mwenzangu amebadilishiwa zamu, sasa tunaonana mlangoni kama walinzi.

Shangazi, siwezi kufungua. Hata waliotengeneza programu hiyo hawawezi, ndiyo maana halisi ya usalama. Mimi nilitaka kitabu chako kiwe salama mbele ya kila mtu, na ninaona nimefaulu mno. Ningejua ningekuwekea programu ya kutunza maneno ya siri, ile inayokukumbukia yenyewe. Au ningekuambia ufiche nakala sehemu moja tu iliyofungwa kwa funguo. Nilikataza plasta, nikasahau kuruhusu kabati.

Tufanye hivi. Maneno unayo. Kinachokosekana ni namna yalivyoharibiwa. Watu hukosea kwa njia chache zinazojulikana: mwenye kuacha "h", mwenye kugeuza "r" kuwa "l", mwenye kuandika "z" badala ya "dh". Kaa na kila neno, ulikosee kwa kila namna, jaribu moja moja. Ila usikimbilie, maana ukikosea mara nyingi mfululizo wanafunga kwa siku kadhaa.

La pili. Shangazi, kwa nini unateka maji kwa ndoo na ndugu yako wa tumbo moja ni fundi bomba anayeishi ng'ambo ya ukuta? Na kwa nini barua yako nzima haina salamu ya baba? Tangu nihamie huku, barua yako haijawahi kukosa "baba yako anasema".

Mwanao


20 Juni

Mwanangu,

Hatujambo. Baba yako ni mzima. Nimeiona kofia yake ikipita juu ya ukuta.

Nimefuata ushauri wako, na nakuomba usimwambie mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Nimekaa mezani mimi, mwanamke mzima, nikijifunza kukosea. Neno la kwanza nililoliharibu niliona haya, nikainuka nikafunga pazia. Nilipofika la tatu nikaanza kuzoea, na hilo ndilo lililoniogopesha. Juzi nilimwandikia muuza duka karatasi ya vitu ninavyotaka, nikaandika "majani ya chahi". Nimekaa na ile karatasi mkononi kama mtu aliyeonyeshwa picha ya ugonjwa wake.

Mashine haikubali hata moja. Halafu ikaniandikia kwa maandishi mekundu: "Umejaribu mara nyingi mno. Tafadhali jaribu tena badaye." *Badaye!* Nikawaandikia wenye mashine kwamba ni "baadaye", baada ya "b" kuna "a" mbili, zote zinafanya kazi. Wakanijibu kesho yake kwa adabu kubwa, wakashukuru, wakasahihisha. Nikawaomba basi wanifungulie. Wakasema kwa sababu za usalama haiwezekani. Kwa hiyo sasa nafukuzwa kwa Kiswahili fasaha.

Mchapishaji amepiga simu. Nikamwambia mswada unapitiwa. Akasema yule bwana wa sungura ameshamaliza na ana picha za rangi.

Kuhusu koki. Baba yako alikuja kuibadilisha mpira. Kompyuta ilikuwa wazi ukurasa wa kwanza wa kitabu, na ukurasa wa kwanza una picha. Picha ni ya bango. Bango linasema: "FUNDI KOKI. NAZIBUA KWA ARAKA. KALIBUNI." Unalijua bango hilo, liko ukutani kwenu, ulilipita kila siku ukienda shule. Chini yake nilikuwa nimeandika maelezo, ambayo kwa maoni yangu yalichekesha. Alisimama akayasoma, na baba yako husoma taratibu, mdomo ukicheza, hivyo ilichukua muda. Akasema, "Dada, hii ni nyumba yangu." Nikasema ni sayansi. Akaweka spana juu ya sinki, akatoka.

Basi. Hiyo ndiyo koki.

Shangazi yako


8 Julai

Shangazi, shikamoo.

Sisi hatujambo. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili sikucheka.

Nilimpigia baba. Nikamwuliza, "Baba, kuna nini kati yako na shangazi?"

Akasema, "Ana maji?"

Nikasema anateka kwa ndoo.

"Ndoo ipi? Ile nyekundu inavuja."

"Baba, nimeuliza kuna nini."

"Hakuna kitu. Mwambie ndoo nyekundu inavuja." Kisha akaniuliza habari za kitabu. Nikamwambia kimefungika, na kwamba mwisho wa Agosti kinapotea. Nikasikia anagonga bomba. Akasema, "Dada yangu ana akili nyingi, atakifungua," akakata.

Shangazi, nakuuliza jambo na unijibu bila alama za nukta. Wewe hukosei. Miaka yote hii hujawahi. Ile siku ulipotafuta kosa, ulimwiga nani? Maana ninavyokujua usingeweza kulitunga kichwani. Ulimfikiria mtu fulani anavyoandika. Na kama mtu huyo ndiye ninayedhani, anaishi ng'ambo ya ukuta, na kitabu chako hakitafunguka mpaka ubishe hodi.

Na hili lingine nilitaka kuliacha, lakini limekaa kooni. Baba hajawahi kuniandikia barua. Hata moja. Wewe ndiye unaniandikia "baba yako anasema", na mimi siku zote nilidhani hana mengi ya kusema. Sasa najiuliza kama alikuwa anaiogopa ile kalamu nyekundu.

Usinirudishie nakala ya barua hii. Najua ina makosa.

Mwanao


14 Agosti

Mwanangu,

Huku kwema na zaidi ya kwema. Paka alikuwa hajanenepa, alikuwa na mimba. Tumepata wanne, na mmoja ana doa jeusi mwishoni mwa mkia, mahali ambapo mtu mwenye busara angeweka nukta.

Nakuarifu kwa furaha isiyopita kiasi kwamba kitabu kimefunguliwa, na mswada umemfikia mchapishaji kabla ya siku yake. Sungura watasubiri.

Najua utataka kujua ilikuwaje. Nilikwenda kwa baba yako kumrudishia spana yake, kwa kuwa si tabia yangu kukaa na vifaa vya watu. Nilibisha hodi. Akasema, "Nani?" ingawa aliniona dirishani. Nikasema, "Mimi dada yako, nimeleta spana." Akasema, "Iweke hapo." Nikaiweka. Nikakaa, kwa sababu ya goti. Tukaongea mambo ya kawaida ya kifamilia: mvua, shule ile na mabomba yake, wewe na simu yako. Akaniambia ndoo nyekundu inavuja, nikamwambia nimeshaligundua hilo, nina viatu vya kushuhudia. Katika mazungumzo hayo kumbukumbu ilirudi. Akili iliyofundishwa haipotezi kitu, mwanangu, huwa imekiweka mahali. Tulirudi kwangu, mlango ukafunguliwa kwa jaribio la kwanza, na maneno ya siri yakabadilishwa papo hapo kama kanuni zinavyotaka. Haya mapya nayo yana makosa ya hali ya juu.

Hivyo swali lako la kwanza limejibiwa.

Ile picha ya ukurasa wa kwanza nimeiondoa kwa sababu za kiufundi. Jina la kitabu nalo nimelibadilisha kuwa *Karibuni*. Mchapishaji analalamika kwamba sasa halichekeshi. Nikamwambia ndivyo usahihi ulivyo.

Kuhusu kalamu nyekundu, imekwisha wino. Dukani nimepita, sikuingia.

Barua hii ataipeleka posta baba yako, kwa kuwa anapita huko. Gundi ya bahasha imekauka na sijaifunga. Nimeacha na nafasi chini ya karatasi, maana nilikosea kupima.

Shangazi yako,
Bi Nukta

mwanangu apa ni mimi baba yako. Dada kanipa balua nipereke posta nae kasahau kufunga baasha. Nimeisoma yote. Akuna cha kumbukumbu kurudi. Ile siku ya mwezi wa tatu vidole vyake viligoma, akasema kaa wewe kwenye kiti. Yeye akawa anasoma neno mimi naandika, mara mbili. Kwenye kioo zikawa zinatokea nukta tu ata yeye akuona nimeandika nini. Sasa juzi kaja na spana anazunguka zunguka maneno, mwisho kasema kaa tena. Nikakaa. Nikaandika gala zoruba arage kifuniko mrisi, ikafunguka. Kasema yeye alikuwa anaaribu mpaka kifuniko. Kifuniko mimi nalijua, ndio kazi yangu. Naweza kukwambia sababu imesha badilishwa. Iyo mpya pia nimeandika mimi.

Koki nimetengeneza. Picha yangu mwambie airudishe na jina la kitabu lirudi lile langu, ila namba ya simu ionekane vizuli.

Nitakuandikia tena nikipata karatasi.

Ayo maneno ningempa toka mwezi wa nne. Akuna alieniuliza.